Usukani Haubadilishwi Peke Yake

   Leo mazungumzo ni ya bomba moja la chuma. Upana wake haufiki mita, limepinda huku na huku, na mtu hulishika kwa mikono miwili tangu alfajiri mpaka jua lizame. Ni usukani wa pikipiki. Na si wa pikipiki iliyotoka dukani juzi. Ni wa ile ya zamani, ile ya babu.

Huenda ipo nyumbani kwako, au kwa jirani. Imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wamegeuza kiti chake kitanda, tangi limepauka. Ni Honda CG125, au Yamaha DT, au Yamaha AG100, au Suzuki TF. Nyingi ya hizo ziliwahi kupandwa na bwana shamba wa pamba, katekista, mwalimu au karani wa ushirika, kisha zikachoka, zikauzwa, zikabaki kijijini. Sasa mjukuu amepata vijisenti vyake na anataka kuifufua. Anaanza na nini? Si injini. Si tairi. Anaanza na usukani!

Ana sababu zake. Usukani ndio sura ya pikipiki, ndio unaoonekana kwanza ikija. Bei yake haiumizi kama ya pistoni au betri. Tena unauzwa ukiwa umening'inizwa mlangoni pa duka la spea, kromu inang'aa, jua likiupiga unaita. Kijana ananunua kwa macho, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mafundi wazoefu huchagua usukani kwa mabega, kwa viganja na kwa barabara. Macho yanapewa nafasi yao mwishoni. Halafu wanajua jambo la pili, na hili msikilizaji atalisikia tena na tena jioni ya leo: usukani haubadilishwi peke yake. Aliyeligusa bomba hilo amegusa waya wa klachi, waya wa mafuta, waya wa breki, nyaya za taa, na hata tangi.

Mtu wa Shinyanga hana haja ya kuanza somo hili darasa la kwanza, maana mji huu umekua na baiskeli. Tazama ile Phoenix ya Kichina, nyeusi, nzito, yenye keria ya kubebea gunia. Usukani wake umerudi nyuma kumfuata mpandaji, naye hukaa wima kama yuko kitini. Breki zake je? Si za waya. Ni za fimbo za chuma, nazo zimefungwa kwenye usukani wenyewe. Mtu akiung'oa usukani huo aweke ule ulionyooka wa baiskeli ya gia, fimbo zinabaki hewani na baiskeli haina breki tena. Baiskeli inasema ukweli palepale. Pikipiki ni mjanja zaidi, kwa sababu waya unapinda na kusogea kidogo, mwenye mali anaona umekubali. Anakuja kugundua kuwa haukukubali akiwa kwenye kona.

Kabla ya kuingia gereji, habari kidogo ya hiyo CG125, maana inaeleza kwa nini spea zake hazijawahi kuadimika huku. Honda waliitoa mwaka 1976. Wahandisi wao walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hupakiwa kupita kiasi na haimwoni fundi mpaka izime njiani. Msikilizaji wa Katoro hapo ametabasamu. Basi wakaunda injini isiyo na mambo mengi, inayovumilia oili kuchelewa kubadilishwa, na mnyororo wakaufunika usile vumbi. Wachina wakaipenda injini ile, wakaunda za mtindo uleule kwa viwanda vingi na majina mengi. Miaka ya 2000 pikipiki hizo zikamiminika Tanzania, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kusafirisha abiria kwa pikipiki. Kwa hiyo zile za Kichina zilizofungua vijiwe vya bodaboda Kahama na Geita, nyingi zilikuwa wajukuu wa CG ya babu. Ndiyo maana duka lisilowahi kuiona Honda halisi bado linaweza kuwa na kitu kinachoingia.

Lakini kuingia ni neno la kuangaliwa. Kitu cha kwanza ni unene wa bomba. Pikipiki za Japani, na hizi za India na China tulizozizoea, kwa kawaida zina usukani wenye unene wa milimita 22, kipimo kilichotokana na inchi ya Kiingereza, yaani sehemu saba kwa nane za inchi. Harley-Davidson ya Marekani hutumia inchi nzima, zaidi kidogo ya milimita 25. Siku hizi kuna usukani mnene wa pikipiki za mashindano: katikati una milimita 28 na ushee, kisha unapungua kwenye ncha. Huo ukiletwa kwenye Honda ya babu, leva zitaingia vizuri kabisa huku nje, lakini vibano vya katikati havitafunga. Na mwembamba ukiletwa kwenye vibano vipana? Wapo wanaokata kopo la soda na kulizungushia hapo ili bomba libanwe. Linabanwa, naam, mpaka siku gurudumu litakapoingia shimoni na usukani ujizungushe mikononi mwa mpandaji.

Unene ukishakubali, yanabaki mambo matatu: upana, urefu wa kwenda juu, na kiasi gani ncha zimerudi nyuma kumfuata mpandaji. Hapa dunia imegawanyika.

Uingereza, vijana wa miaka ya 1950 na 1960 waliokuwa wakikutana kwenye mikahawa ya barabarani, Ace Cafe ya London ikiwa maarufu kuliko yote, walipenda usukani wa chini. Mpandaji analala juu ya tangi, upepo unapita mgongoni, pikipiki inakata hewa. Wamarekani wakaenda kinyume, wakaupandisha usukani juu mpaka mikono ikawa usawa wa mabega au zaidi, na filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ikautembeza mtindo wa pikipiki za namna hiyo dunia nzima. Ukitaka picha yake, fikiria pembe za ng'ombe wa Ankole. Si zile fupi za ng'ombe wa Kisukuma. Kundi la tatu ni la pikipiki za porini: usukani mpana, umenyanyuka kiasi, na mara nyingi una kipande cha chuma kinachounganisha pande mbili ili usikunjike ukianguka.

Upi unafaa huku kwetu? Jibu lipo njiani. Lami imefika Kahama, imefika Geita, imepita Katoro kuelekea Chato. Lakini dhahabu haikukubali kukaa kando ya lami. Mtu akiacha barabara kuu kuelekea machimbo, anakutana na moramu nyekundu yenye mawimbi madogo madogo, injini inatetemeka, meno yanagongana. Upande wa Shinyanga masika yakishika, udongo mweusi wa mbuga unanasa kwenye gurudumu mpaka unajaa chini ya madigadi na tairi linagoma kuzunguka. Katika njia kama hizo mwendo ni mdogo, na tairi la mbele linataka kwenda linakotaka lenyewe. Anayeshika usukani mpana ana nguvu ya kulirudisha, kama mtu anayefungua nati kwa spana ndefu badala ya fupi. Wenzetu wa Goma walilijua hili kwa mbao: chukudu, ile baiskeli yao ya mti isiyo na pedeli inayoshusha magunia kutoka mlimani, ina usukani mpana wa mti kwa sababu hiyohiyo.

Usukani wa chini wa London nao ukiletwa njia ya machimbo ya Rwamgasa? Uzito wote wa kifua unashukia viganjani. Kwa mwendo mkubwa upepo ungemsukuma mpandaji juu na kuipunguzia mikono kazi, lakini nani anafika mwendo huo kwenye vumbi na mashimo? Baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Ni usukani mzuri kwa picha.

Ule mrefu wa Kimarekani una ubaya wake ambao watu wa machimbo watauelewa haraka. Chukua mfano wa dereva anayetoa viroba vya mawe duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mzigo umekaa keria, nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Pale nyuma panapozama, mbele pananyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi kama wa pikipiki iliyowekwa juu ya jeki. Sasa mwongeze usukani mrefu unaomvuta dereva naye aegemee nyuma. Uzito uliobaki mbele ni kiasi gani? Kidogo sana, na tairi la mbele lisilo na uzito halikati kona wala halifungi breki. Anayebeba mzigo nyuma anahitaji usukani unaomleta mbele kidogo, wenye urefu wa wastani. Ndiyo ule uliokuja na pikipiki kutoka kiwandani, na mwandishi wa mazungumzo haya haoni aibu kusema kwamba mara nyingi Wajapani walikuwa wamekwisha kupatia.

Yamaha waliounda AG100 kwa ajili ya wakulima walikwenda mbali zaidi. Waliweka vyuma vya kukinga leva, ili pikipiki ikilala matopeni leva ya klachi isivunjike, na wakaweka stendi ya pembeni kulia na kushoto. Mwenye AG100 nyumbani afikiri mara mbili kabla ya kuvua vyuma hivyo kwa kuona havipendezi. Vipo pale kwa ajili ya barabara yake.

Sasa kipimo cha mwili. Hiki ni cha bure, na ni cha kufanywa kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mwenye pikipiki akae juu yake, mtu mwingine aishike isianguke. Afumbe macho. Anyooshe mikono mbele bila kujilazimisha, viwiko vikiwa vimelegea kidogo, kisha afumbue. Pale mikono ilipo ndipo ncha za usukani zinapotakiwa kuwa. Mpini wa fagio ukifungwa kwa kamba mahali pa vibano unasaidia kuona upana. Mtu mwenye mabega mapana akinunua usukani wenye upana mdogo atapanda amejikunja, na mama mfupi anayeendesha pikipiki ya marehemu mumewe kwenda gulioni hawezi kulazimishwa kutumia usukani ambao akikata kona mkono mmoja unabaki kuning'inia. Anahitaji ule uliorudi nyuma zaidi. Vijana huliona la kizee. Basi na waone.

Usukani umepatikana. Tuingie gereji.

Jambo la kwanza, ule mpya ulazwe juu ya kioo au meza iliyonyooka, utazamwe ncha kwa ncha. Uking'ang'ania kucheza kama meza yenye mguu mfupi, umepinda tangu dukani. Sumaku nayo ina kazi: ikinata, ni chuma; isiponata, ni aluminiamu. Tofauti hiyo itahitajika baadaye.

Jambo la pili, mipira ya kushikia. Wa kulia na wa kushoto hailingani, ingawa kwa macho ni mapacha. Kushoto mpira unakaa juu ya bomba lenyewe. Kulia unakaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka kuvuta mafuta, kwa hiyo tundu lake ni kubwa zaidi. Aliyeuziwa ya kushoto miwili atahangaika hadi usiku. Kuitoa ya zamani bila kuichana, maji ya sabuni yanapenyezwa chini yake kwa bisibisi nyembamba, kisha mpira unasokotwa taratibu. Kuirudisha, wapo wanaopaka grisi ili iteleze. Itateleza kweli, leo na kesho na siku ya kupanda kilima.

Jambo la tatu ni kitundu kidogo. Usukani wa zamani mara nyingi una tundu linalopokea kipini kilichomo ndani ya boksi la swichi, ili boksi hilo lisizunguke. Usukani mpya hauna tundu, au linalo mahali pengine. Fundi mwenye haraka anachukua tupa na kukikata kipini. Kazi inakwisha dakika mbili. Lakini kwa upande wa kulia boksi hilo ndilo linaloshika waya wa mafuta. Likizunguka pamoja na mkono, mafuta hayafungi vizuri. Afadhali kutoboa tundu dogo, mbali na vibano, na kusugua kingo zake. Tundu likitobolewa karibu na vibano, bomba linapewa mahali pa kukatikia.

Vibano vyenyewe vina lugha yao. Honda nyingi zina alama ya nukta juu ya kibano na nukta nyingine kwenye usukani. Nukta ya kibano huelekea mbele, na nukta ya usukani hulinganishwa na pale vibano vinapokutana. Kwenye vibano vya aina hiyo bolti za mbele ndizo hukazwa kwanza, kisha za nyuma, na uwazi mdogo unaobaki nyuma si kosa la kurekebishwa kwa nyundo. Na usukani ukitikisika baada ya kukazwa, usilaumiwe kwanza. Kwenye pikipiki nyingi vibano vimekaa juu ya bushi za mpira, na bushi za miaka arobaini zimekwisha kuwa unga.

Tumefika kwenye nyaya, na ahadi ilikuwa kwamba neno litarudiwa: usukani haubadilishwi peke yake. Ukipanda juu kwa kimo cha kiganja, nyaya zote zinatakiwa kuongezeka urefu. Ukishuka, nyaya zinakuwa ndefu mno, zinajikunja mbele ya taa na kufanya leva iwe nzito. Je, fundi atajuaje? Kwa jaribio rahisi, ambalo halipaswi kurukwa hata kama mteja anapiga honi nje. Injini iwashwe, gia iwe frii, iachwe ingurume polepole. Usukani ukatwe wote kushoto. Usikilize. Ukatwe wote kulia. Usikilize tena. Mngurumo ukipanda bila mkono kugusa mafuta, waya unavutwa. Pikipiki hiyo itaongeza mwendo yenyewe kwenye kona, na mpandaji hatajua kwa nini.

Usukani ukiwa bado umekatwa, lipo la kutazamwa: je, leva inaligusa tangi? Vidole vinabanwa kati ya mpira na tangi? Usukani wa chini una tabia hiyo, na tangi la Honda ya zamani likishabonyea, kulipata jingine zima ni safari ya Mwanza au ya Gerezani, Dar es Salaam.

Kisha vilegezo. Leva ya klachi huachiwa icheze sentimita moja hadi mbili kwenye ncha kabla haijaanza kuvuta. Breki ya mbele ya ngoma, ile ya waya, inaachiwa zaidi kidogo, sentimita mbili hadi tatu. Mwenye breki ya diski ana kazi ya ziada: mpira wa mafuta ya breki usikazwe kama kamba ya mbuzi, na kile kikopo chake juu ya usukani kikae sawa, kisije kikanywa hewa. Mwisho, mafuta yavutwe na kuachiwa ghafla. Lazima yarudi yenyewe, tap! Vumbi jekundu la Geita hupenda kulala ndani ya lile bomba la plastiki, likanata, mafuta yakabaki wazi.

Na usukani uliopinda kwa ajali? Huku machimboni ni jambo la kila wiki. Pikipiki imelala na mzigo, upande mmoja umekunjika, mtu anaingiza bomba refu na kuunyoosha palepale. Chuma laini kikikunjwa mara moja kwa kiasi kidogo hukubali. Kikikunjwa tena palepale kinachoka kwa ndani, hata kromu ikiwa bado inang'aa, na mpasuko mwembamba kama unywele unaanza. Aluminiamu hainyooshwi kabisa. Hapo ndipo ile sumaku ya mwanzo ilipokuwa na maana. Kuhusu kuchomelea usukani uliokatika, kuna mafundi wa weldingi hodari sana Kahama na Katoro, wanaounda mageti na keria zinazobeba kuliko zilivyotarajiwa. Usukani wasipelekewe. Geti likiachia usiku, mbwa anabweka. Usukani ukiachia, mpandaji hana cha kushika.

Mtihani wa barabarani usifanyiwe lami. Pikipiki iende pole kwenye njia ya vumbi, asubuhi, bila abiria wala mzigo, mpandaji akae kidogo, asimame kidogo kwenye pedeli. Baada ya kilomita chache asimame, ashike spana tena. Bolti za vibano mara nyingi hukubali kukazwa kidogo zaidi.

Ule usukani wa babu je, uliotolewa? Usiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ufutwe vumbi, upakwe oili, mafuta kidogo yadondoshewe na ndani kwa sababu kutu ya bomba huanzia huko, ufungwe na mfuko wa nailoni, uchomekwe juu ya dari. Wengi waliofunga pembe za Ankole wameufunga tena ule wa zamani kabla masika hayajaisha.